Muhugu wa Matheka

Pumwani, Nairobi
12 Juni 1983

Kwa dada yangu Kalekye,

Salamu zetu zikukute ukiwa na nguvu, zetu sisi wawili, mimi na mke wangu Nthoki. Kikohozi changu kimepungua tangu nihamie upande ule wa kibanda ambako vumbi la msasa halifiki sana. Nthoki bado anauza sukuma karibu na mto, na anasema ukija Nairobi hatakuacha uondoke kabla ya wiki mbili. Mwambie Mwaitu, mama yetu, nimempatia viatu vya tairi soko la Kariokor, vyenye kamba pana, visimkwaruze kile kidole kilichovimba. Nitavituma kwa mtu wa kwanza anayekuja huko.

Sasa habari ya kukufurahisha. Lori la Hared, yule anayetuletea magogo, liliingia juzi kutoka pwani. Nilikuwa nimeinama, namalizia kuchonga masikio ya kifaru, nikasikia harufu kabla sijaliona lori. Unaijua harufu ya muhugu mbichi, ni kama manukato yaliyomwagikia udongo. Tukakimbia wote. Na kwenye ncha ya gogo la kwanza nikaona alama ya ndugu yetu: mikato mitatu ya shoka kama unyayo wa kuku. Kila mkataji ana yake, ili mwenye lori ajue gogo ni la nani. Nikacheka peke yangu. Matheka hajawahi kumwandikia mtu barua, lakini mti anauandika vizuri.

Wazee wa hapa wanasema zamani walikuwa wakitoa muhugu Ngong na Karura, wanakwenda asubuhi na kurudi jioni. Ulipokwisha wakaja kwetu, kwenye kilima cha Mwaani. Kisha wakaenda Kibwezi. Sasa lori linatembea siku nzima na zaidi mpaka nyuma ya Malindi.

Wiki jana alikuja mama mmoja wa Kizungu na mtu wa kumtafsiria. Hakutaka twiga wala vijiko vya saladi. Aliuliza tu, mti huu unachukua miaka mingapi kukua? Tukatazamana. Mzee mmoja akamjibu, "Huu hatujawahi kuuona ukiwa mdogo." Mama yule akasema misitu inakwisha dunia nzima, Brazili na visiwa vya Asia na Afrika yote, na kwamba watu wanaoikata huwa ndio wa mwisho kuamini. Halafu akaenda. Nakuambia, siku hiyo hatukupiga soga kazini.

Shemeji Teresiah hajambo? Mwambie mumewe yuko sawa, magogo yake yamefika.

Ni mimi ndugu yako,
Ngui


Mwaani, kupitia Sultan Hamud
9 Julai 1983

Ndugu yangu Ngui,

Barua yako ilikaa dukani mpaka Jumamosi ya soko, ndiyo maana najibu sasa. Sisi tupo. Mwaitu anakula kidogo lakini anakula. Mbaazi zimetoka, mahindi yalikufa yakiwa magotini. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume.

Nimemsomea Mwaitu habari ya alama mara mbili. Mara ya pili alinifuata kwa midomo.

Lakini kuna kitu sijui nikuandikieje. Tulikuwa tunapepeta kunde, jua liko utosini, akanyanyua kichwa.

"Unasikia?"

"Nini, Mwaitu?"

"Anakata."

"Nani anakata? Wapi?"

"Huko juu."

Nikatazama juu. Ngui, wewe huji nyumbani kila mara, hujui kulivyo. Baada ya muhugu kwisha walikuja watu wa makaa wakachukua mingine yote, na baada ya makaa wakaja mbuzi. Huko juu hakuna hata mti wa kufungia mbuzi mwenyewe. Mwaka wa kwanza nyani walishuka wakatumalizia shamba, tukawarushia mawe na kuwalaani. Mwaka wa pili walikuwa wachache. Sasa hawapo. Sikudhani kuna siku nitawakumbuka nyani. Chemchemi ya chini ya mwamba unaichota kwa kata, kata moja, halafu unangoja.

Basi Mwaitu husikia shoka kila mchana, na mimi namwambia ni masikio. Jana nami nilinyamaza nikasikiliza, kwa kumridhisha tu. Sitakuambia nilisikia nini.

Wifi yangu Teresiah hayupo. Alikaanga mahindi, akafunga kunde na chumvi, akasema anampelekea mumewe huko pwani. Nikamwambia angoje Matheka atume neno kwanza. Akasema neno limechelewa. Aliondoka mwanzoni mwa Juni na hajarudi. Muulize Hared kama amewaona wote wawili.

Dada yako,
Kalekye


Pumwani
28 Agosti 1983

Dada Kalekye,

Natumaini Mwaitu anaendelea na chakula. Hapa tuko salama. Nthoki anakusalimu.

Lori limekuja tena. Magogo yenye alama ya Matheka yalikuwamo, manne au matano. Nilizungumza na Hared. Kulikuwa na kelele nyingi za tezo, sikumsikia vizuri.

Viatu vya Mwaitu nimempa kondakta wa basi la Sultan Hamud. Nina kazi nyingi, nitaandika tena.

Ngui


Mwaani
2 Oktoba 1983

Ndugu yangu,

Salamu kutoka kwetu. Viatu vimefika, Mwaitu anavivaa hata ndani ya nyumba. Mvua bado. Tumelima, tumekaa tunatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine.

Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma nione kama kuna maneno zaidi. Wewe ambaye ukiandika hujaza karatasi mpaka pembeni! Nilikuuliza habari za mtu, ukanijibu habari za magogo. Hared alisema nini? Kelele za tezo hukaa siku nzima kibandani mwenu, na wewe umekaa humo miaka kumi na tano ukisikia kila kitu.

Mwaitu ameniuliza, "Ngui ameandika kwamba amemwona Matheka?" Nikasema, "Ameandika magogo yamekuja." Akasema, "Hayo si niliyouliza."

Nijibu.

Kalekye


Pumwani
11 Desemba 1983

Kwa dada Kalekye,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nthoki amekuwa akiumwa na tumbo, siyo ugonjwa, utaelewa mwenyewe. Tunamshukuru Mungu, maana tumengoja sana. Krismasi hii hatutaweza kuja.

Kazi imepungua. Kuna wenzetu wameanza kuchonga jakaranda inayokatwa kwenye barabara za mjini. Ni mti mweupe, mwepesi, hauna moyo. Wanaupaka kiwi nyeusi ya viatu na kuuza kama mpingo. Mimi bado nina muhugu, kwa sababu ya Matheka.

Dada, magogo yake yanakuja. Hiyo ni kweli na nakuapia. La wiki hii lilikuwa bichi kabisa, utomvu ulinishika vidole. Nililipiga kwa mgongo wa tezo likaita. Mikato mitatu ya alama ilikuwa myeupe kama imekatwa jana. Sasa mtu akija kukuambia jambo lolote, na wewe umeshika gogo bichi lenye alama ya mkono unaoujua, utamwamini nani?

Nimekuwa nikiwahi kazini kabla ya wenzangu. Naketi karibu na rundo lile. Mara nyingine nahisi kama kuna mtu ameketi upande wa pili.

Mpe Mwaitu mkono wangu.

Ngui


Mwaani
19 Februari 1984

Ngui,

Tunafurahi kwa ajili ya Nthoki. Mwambie asiinue vitu vizito.

Mvua ya Novemba ilikuja siku tatu ikaondoka. Tunakula tulichoweka.

"Mtu akija kukuambia jambo lolote." Hayo ni maneno yako. Nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Ni nani aliyekuja, na alikuambia jambo gani?

Mwaitu hamuulizii tena Matheka. Kila jioni alikuwa akimwekea ugali kwenye kile kibakuli chenye ufa, tangu aende pwani, na asubuhi anawapa kuku. Tangu Krismasi hamwekei. Ila shoka bado analisikia.

Mimi ni mkubwa wako. Niliwabeba wote wawili mgongoni. Nenda huko ukamwone kwa macho yako, au nitakwenda mimi.

Kalekye


Pumwani
29 Aprili 1984

Dada yangu Kalekye,

Kaa chini kabla hujaendelea. Kama Mwaitu yuko karibu, amua mwenyewe kama utamsomea.

Nilikwenda. Nimerudi tangu juzi. Matheka amefariki. Alifariki Julai mwaka jana.

Hared aliniambia mwezi wa Agosti. Hakuwa amemwona kwa macho, alisikia kambini kwamba Mkamba mmoja alipigwa na mti, na wakataji hawakutaka kutaja jina. Akaniambia, "Ngui, nadhani ni ndugu yako." Nikamwambia, "Na haya magogo yenye alama yake ni ya nani? Mtu aliyekufa hakati mti." Hared akakuna kichwa, akasema, "Hapo hata mimi sielewi." Nikalishikilia hilo neno lake. Kila lori lilipokuja na alama, nilisema unaona, yuko mzima. Wakati huohuo nilikuwa naogopa kwenda.

Barua yako ilipofika nilimwomba Hared nafasi. Tulipita Malindi tukaacha lami, tukaingia barabara nyekundu. Nilitegemea kuona msitu. Nikaona visiki, halafu visiki, halafu mbali kabisa mstari wa kijani kibichi. Hared akasema, "Nilipoanza kuja hapa, msitu ulikuwa unaanzia pale tulipoachia lami." Kulikuwa kimya, Kalekye. Hata ndege hawakuruka gari lilipopita.

Kambini nilikutana na msimamizi wao anayeitwa Gordon. Nilimtaja Matheka, akanitazama viatu. "Huyo aliondoka zamani," akasema. Nikamwuliza, "Na anayekata kwa alama yake?" Akageuka akaingia hemani.

Nikafuata sauti ya shoka. Nilitembea peke yangu kati ya miti, sauti ikiwa mbele yangu. Lilikuwa pigo lake. Unakumbuka alivyokuwa akipiga mawili ya haraka, anapumzika, kisha moja? Ndivyo lilivyokuwa. Nilitaka kuita jina lake.

Alikuwa Teresiah.

Amekonda, amefunga kichwa kwa kipande cha gunia, na mikono yake sasa ni kama yangu. Hakuliweka shoka chini.

"Umechelewa, shemeji," akasema.

"Nilipata habari mwezi wa nane."

"Na ukakaa?"

"Magogo yalikuwa yanakuja."

"Ni mimi," akasema. "Alinifundisha nilipofika, tukikata pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule. Alipokufa, Gordon alisema hakuna mwanamke wa kukaa kambini bila kazi. Nikachukua shoka."

"Kwa nini hukutuma mtu nyumbani?"

"Mngekuja kunichukua." Akapiga tena, mawili, halafu moja. "Nilijua unayaona magogo. Sikujua niwatumie nini kingine."

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Muhugu ule ulikuwa mzee na moyo wake ulikuwa umeoza. Sisi wachongaji tunayajua hayo, unafungua gogo zuri unakuta tundu. Shoka lilipofika katikati shina lilipasuka kwa urefu, kipande kikaruka nyuma kabla mti haujaanguka, kikampata kifuani. Teresiah alikuwa upande wa pili, hakuguswa. Alimshika kichwa mpaka alipokata roho, jioni hiyo.

Wanakata bila kibali. Gordon akasema polisi wakijua wote wanafungwa, basi azikwe hapohapo, bila msalaba, bila tuta, na majani yatandazwe juu. Wakamfunga blanketi lake, wakamlaza chini ya muhugu mwingine mkubwa. Mti huo ndio alama pekee.

Teresiah alinipeleka pale. Kalekye, ni mti mrefu kuliko kanisa. Majani yake ni kijani juu na meupe chini, na upepo ukipita mti mzima unageuka mweupe, kisha unarudi. Tulisimama. Nikauliza kwa nini haji nyumbani. Akanionyesha miti ya jirani yenye chapa ya rangi, iliyosubiri kukatwa.

"Hii sehemu ni yangu," akasema. "Nikikata miti ya pande zote haraka, na ni mizuri, Gordon haoni haja ya kuleta mtu mwingine hapa. Mtu mwingine akija, huu ndio atakaoanza nao. Na ukianguka utamwangukia. Halafu watachoma vichaka, mtu wa mahindi atalima, na nani atajua alipo?"

"Kwa hiyo unakata msitu wote ili mti mmoja ubaki."

"Wewe ungefanya nini?"

Nilimsihi twende nyumbani, akakataa. Kumfukua sikuthubutu, sikuwa na ruhusa ya chifu wala mtu wa kunishika mkono. Nilirudi na lori, nimeketi juu ya magogo aliyoyakata yeye. Tangu nifike sijashika tezo.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Ngui


Mwaani
20 Mei 1984

Ngui,

Nimesoma. Nilimsomea Mwaitu yote. Nilipofika pale pa kifua nilitaka kuruka. Akasema, "Usiruke." Nikasoma. Nilipomaliza akasema, "Basi ni shoka la Teresiah nililokuwa nikisikia." Akaingia ndani akalala hadi kesho yake.

Nimekasirika na sitaficha. Miezi yote ile ulinifanya nimsomee Mwaitu, kwa sauti yangu, habari za mtu aliye hai. Matanga hatukukaa. Nywele hatukunyoa. Tulicheka Krismasi, Ngui, tulichinja jogoo.

Hayo nimeyasema, nimemaliza. Sasa nisikilize.

Mvua ya Machi haikuja kabisa. Yule ndama dume amekufa. Watu wanapanga foleni kwa chifu kupewa mahindi ya manjano kutoka Amerika, yananuka dawa na watoto yanawaendesha. Wazee wamepanda kilimani kuomba, wakakosa mahali pa kusimama, maana mahali petu pa kuombea palikuwa chini ya ile mikuyu mitatu, na mikuyu ilikwenda na makaa. Wakasimama juani, wakaomba haraka, wakashuka.

Hata hivyo tutamleta Matheka. Nimekwenda kwa chifu wetu na amenipa karatasi ya kumpelekea chifu wa huko. Ongea na Hared. Nthoki akishajifungua tutaondoka wote wawili.

Mwaitu anasema mwambie Ngui hajamkasirikia. Anasema na wewe pia ulikuwa unamwekea ugali.

Kalekye


Pumwani
22 Julai 1984

Dada Kalekye,

Nthoki amejifungua msichana hapa Pumwani. Alipasuliwa, bado yuko wodini, na damu haijatulia. Mtoto ni mzima. Tumemwita Mbeti, jina la Mwaitu.

Siwezi kumwacha, nawe huwezi kungoja. Hared amerudi na habari mbaya. Kambi inahama. Muhugu wa upande ule umekwisha na wanavuka kwenda kutafuta mwingine karibu na mto Sabaki. Nilimwuliza kuhusu Teresiah. Anasema alimwona mara ya mwisho akinoa shoka, akamsalimu, hakujibu.

Hared atakuchukua Sultan Hamud lori likishuka, hataki nauli. Mwamini, ni mtu wa dini yake na amehuzunika kwa ajili yetu. Huku kwetu muhugu umekwisha kabisa. Nimeanza jakaranda na mimi. Mkono hauipendi, lakini mtoto lazima ale.

Nenda, dada. Ungekuwa wewe tangu mwanzo, haya yote yangekuwa yamekwisha.

Ngui


Malindi
16 Agosti 1984

Ndugu yangu Ngui,

Nakuandikia nikiwa kwenye ngazi ya duka la Mwarabu. Barua hii inakuja na dereva mwingine anayetangulia leo, ili ikufikie kabla yetu. Mpe Nthoki pole, na Mbeti mdogo umbusu kichwani. Nimekula samaki kwa mara ya kwanza. Sijui watu wanawezaje.

Tumempata.

Tuliacha lami asubuhi. Ule mstari wa kijani uliouona wewe, sisi hatukuuona. Hared alisimamisha lori mara tatu, akashuka, akatazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na nyumba yake. "Kambi ilikuwa hapa," akasema. Kisha akasema, "Hapana, pale." Ni visiki mpaka macho yanachoka, na majivu, na mawe ambayo hayakuwahi kuliona jua. Niliwaza, wifi yangu ameondoka na kambi, na ndugu yangu amepotea. Kisiki kipi ni cha mti wake? Nilianza kutembea bila kujua ninakokwenda.

Halafu nikaona mtu amesimama.

Alikuwa mbali, wima, hatikisiki, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine kilichosimama, nilimwona wazi. Nilikimbia, mimi na miguu yangu hii. Alikuwa amesimama kando ya kisiki kipana kama meza ya madhabahu. Shoka lilikuwa miguuni pake.

"Nani aliukata?" Ndilo neno la kwanza lililonitoka. Hata salamu sikumpa.

"Mimi," Teresiah akasema. "Gordon alisema mti huu hautaachwa. Alikuwa anawaleta wanaume wawili na msumeno. Wangeuangusha upande wowote. Nikamwambia niachie mimi, nikaulaza ule upande, mbali naye. Hakuna tawi lililomgusa."

"Na kambi?"

"Ilihama. Mimi nilibaki."

"Kwa nini umesimama juani, wifi yangu?"

Akanitazama kama sikuuliza swali la maana. "Mti haupo tena," akasema. "Mngepotea."

Alikuwa akila mizizi, na maji aliletewa na mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akipita kutafuta kuni. Usiku alilala palepale. Kukicha alisimama, ili akija mtu amwone. Hajui ni siku ngapi, na sikutaka azihesabu.

Chifu wa huko alikuja mwenyewe na watu wawili wenye majembe. Ngui, ile mizizi. Ilikuwa imemzunguka. Ilipita ndani ya blanketi na kutoka upande wa pili, ikamshika begani na kiunoni, na ilikuwa bado mibichi ingawa shina lake limekwenda. Wanaume walisimama wakaogopa kuigusa. Teresiah akaingia shimoni na shoka. Aliikata mmoja mmoja, polepole, kwa pigo lile unalolijua, na kila mmoja ulitoa ile harufu. Sikulia mpaka niliposikia harufu hiyo.

Tumemweka kwenye sanduku la mbao laini za dukani, maana hakuna nyingine. Teresiah ameniuliza kama huko nyumbani kuna kivuli cha kumlaza. Nikamwambia tutazungumza tukifika.

Anasema gogo la mti ule usilitafute. Lilikwenda kwa lori la mtu mwingine, na hakulitia alama.

Tutapita Sultan Hamud Jumamosi kabla ya jua kupanda. Simama kando ya barabara upande wa kituo cha petroli, Hared atakuona. Njoo na jembe lenye mpini mzuri, ardhi ni ngumu. Nafasi ya mbele utapewa wewe, kwa sababu ya kikohozi. Nilimpa Teresiah hiyo nafasi, akakataa. Atakaa nyuma, kichwani kwa mumewe, na amesema mtu yeyote asimwambie ashuke mpaka tufike kwa Mwaitu.

Dada yako,
Kalekye